Kilo za Heshima

Kwa miaka saba nilipima watu. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya katika kiwanja cha ndege cha Kitale, na nikiwasimulia vijana wa siku hizi wanacheka, wanadhani nawatania. Mimi ni mtu wa utani, lakini si kwa hilo. Kabla ya kupanda zile ndege ndogo zilizokuwa zikienda Nairobi, kila abiria alisimama juu ya mizani na mzigo wake, nami nikaandika kilo zake kwenye fomu, nikajumlisha, nikampa rubani. Rubani akiona jumla imezidi, mizigo inashushwa. Mizigo ikishushwa na bado imezidi, mtu anashuka.

Mizani yenyewe ilikuwa ya magunia, iliyopakwa rangi ya buluu ili ionekane ya ndege. Nilielewana nayo vizuri. Nilikuwa nimepima mahindi kwenye ghala kwa zaidi ya miaka kumi, na nadhani niliajiriwa kwa sababu hiyo. Nilikuwa na sifa mjini: nikiliona gunia mgongoni mwa kuli, nilitaja kilo zake, na mizani ikija kuamua, tofauti ilikuwa konzi mbili tatu za mahindi. Nilijivunia jicho hilo kupita kiasi. Nayasema haya mapema ili ijulikane nilijikwaa wapi.

Watu hawakupenda kupimwa. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya elfu mbili, mahali pekee ambapo mtu mzima alipandishwa mizani ilikuwa kliniki, na ilijulikana ni kliniki gani na kwa ugonjwa gani. Mtu akipungua kilo tatu, majirani walikuwa wameshamaliza kumzika. Kwa hiyo wembamba walikuja wamevaa makoti mawili. Wanene nao walikuwa na sababu zao. Mama wa makamo, mwenye heshima kanisani, hakutaka kilo zake zitajwe mbele ya vijana waliokaa pale kwenye benchi wakila karanga. Niliwaelewa. Nilianza kwa kugeuza uso wa mizani upande wangu ili wengine wasisome. Kisha nikaacha kutaja namba kwa sauti. Kisha, sijui hata lini, nikaanza kupunguza. Mzee nilimtolea kilo nne. Mchungaji nilimtolea tano. Ghalani tulikuwa tunatoa uzito wa gunia tupu kabla ya kuandika, nami nikajiambia natoa uzito wa viatu na koti.

Dada wa tiketi aliniona. Alikuwa mzaliwa wa Trans-Nzoia, wazazi wake walihamia huko kutoka Murang'a, mwenye mdomo mwepesi na moyo mzuri. Alizibatiza jina: kilo za heshima. "Mzee, utatuua na hizo kilo zako za heshima," aliniambia siku moja akicheka, nami nikacheka naye, nikaendelea.

Tulikuwa na ndege za aina mbili. Moja ilikuwa ya injini moja, mabawa yake juu ya madirisha, viti kumi na viwili. Ukikaa humo ulitazama chini ukaona mashamba ya watu, nguo zilizoanikwa, hata kuku. Ilikuwa na joto, ilitikisika ikipita juu ya milima, haikuwa na choo, na abiria wengi waliingia wakiwa na sura ya mtu anayepelekwa kortini. Ya pili ilikuwa na injini mbili, ndefu zaidi, kuukuu zaidi. Paa lake la ndani lilikuwa chini mno hata watu walitembea wameinama kama wanaoingia jikoni kwa nyanya, na kelele zake zilikufanya uzibe masikio kwa pamba. Hata hivyo hiyo ndiyo waliyoipenda. Kila mtu aliniuliza swali lile lile: leo ni ya injini ngapi? Nikijibu mbili, uso unang'aa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kiwanja chetu kina urefu gani. Ile ya injini moja iliruka upesi, ikahitaji kipande kidogo tu cha kiwanja. Ile ya injini mbili ilihitaji karibu kiwanja chote, na Kitale iko juu, hewa yake nyepesi, na murram yetu, ule udongo mwekundu wa kiwanja, mvua ikinyesha ilishika matairi. Marubani walinieleza hayo mara nyingi. Waliosafiri na ndege kubwa kutoka Eldoret, zile zenye choo na soda na msichana wa kukufunga mkanda, walirudi wakinilaumu kwamba huko hakuna anayepima mtu kama gunia. Nilikuwa nawaambia huko barabara ya ndege haina mwisho. Walidhani najitetea.

Sasa nije kwa mama mkwe wangu.

Kwao ni Kamukuywa, upande wa Bungoma. Mtu aliyeoa kwetu anajua mwanamume na mama wa mkewe wanavyoishi. Hampeani mikono. Hamli meza moja. Hutazami uso wake. Akiniona nakuja barabarani, alikuwa anakata kona na kuingia shamba la mahindi la mtu yeyote aliyekuwa karibu, anasubiri nipite, nami napita nikitazama mbele kama sijaona majani yakitikisika. Tukiwa na neno la kuambiana, tulimpa mtu mwingine atupelekee, au tulisema tumepeana migongo. Watu wa mbali huona ni uadui. Mimi sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu mama yule, na katika miaka kumi na moja ya ndoa sikuwa nimemtazama machoni hata mara moja.

Mke wangu alikuwa amepoteza mimba mbili. Zote mbili aliamka peke yake hospitalini, mara ya kwanza mimi nikiwa ghalani, mara ya pili nikiwa kiwanjani. Mimba ya tatu madaktari walimpeleka Nairobi, wakamlaza wiki tano, kisha wakaamua kumpasua kabla ya siku zake. Alinipigia simu akaniambia hataki chochote kingine, anataka akifumbua macho amkute mama yake. Si mimi. Alisema hivyo wazi na halikuniuma, maana nilijua ni kweli.

Upasuaji ulipangwa asubuhi ya Alhamisi. Mama mkwe alikuwa na miguu mibovu na hakuweza kukaa kwenye basi kutwa nzima, hivyo niliomba ile tiketi ya familia ya mfanyakazi kwa ndege ya Jumatano mchana. Tiketi hiyo ilikuwa na sharti moja nililolijua kuliko mtu yeyote: uzito ukizidi, mwenye tiketi ya familia ndiye wa kwanza kushuka. Nilimtuma shemeji yangu, kaka ya mke wangu, amweleze mama kwamba mzigo usipite kilo kumi na tano.

Jumatano hiyo mvua ilinyesha mpaka saa nne, kisha jua likatoka kali. Ndege iliyokuja ni ile ya injini mbili. Abiria walifurahi, wakapongezana. Dada wa tiketi hakuwapo, alikuwa ametumwa Mabanga kwa watu wa semina ya kilimo waliotaka kukata tiketi kwa pamoja. Nilikuwa peke yangu na mizani.

Nilipima kama kawaida yangu. Mchungaji, chifu mstaafu, mama mmoja wa Lwakhakha aliyefanya biashara ya vitenge, mwalimu mkuu na mkewe, na wengine. Kila mmoja nilimpunguzia kadiri ya hadhi yake. Mama mkwe alikaa mwisho kabisa wa benchi, mgongo kwangu, leso kichwani. Mkoba wake shemeji aliuweka juu ya mizani: kilo kumi na tano kamili, hakuna hata chembe ya ziada. Kisha shemeji akarudi getini.

Ningeweza kumwita. Angemsimamisha mama yake juu ya mizani, mimi nikageuka, akanisomea. Ni jambo la dakika moja. Sikumwita, na sababu naijua vizuri. Jumla ilikuwa imekaribia mwisho hata kwa namba zangu za heshima. Nikisomewa namba ya kweli itanibidi niiandike, na nikiiandika mama anabaki. Basi nikajiambia kwamba ni aibu kumpandisha mama mkwe kwenye mizani, na kwamba jicho langu linatosha. Nikamkisia. Lakini jicho lenyewe halikuthubutu kumtazama. Niliona kivuli chake tu sakafuni, nikaandika sitini na nane.

Walipanda. Mama mkwe aliinama mlangoni, akahangaika kuingia, mwalimu mkuu akamshika mkono. Niliona anatembea kwa uzito usio wa kawaida, nikadhani ni miguu.

Kwenye kiwanja chetu kulikuwa na pipa lililopakwa chokaa. Marubani waliliweka wao wenyewe: ndege ikifika pale pua bado iko chini, safari imeshindikana. Kwa miaka yote niliyofanya kazi pale sikuwahi kuona ndege ikifika pipani ikiwa bado chini. Siku hiyo injini zilipiga kelele, ndege ikaondoka, ikakimbia, matope yakaruka nyuma yake, ikakimbia tena, na pua haikuinuka. Ilipita pipa. Nilisikia kelele za injini zikikatwa ghafla. Ikaanza kuteleza kuelekea ua, ule wa seng'enge, na ng'ombe waliokuwa wakila nyasi ng'ambo wakatawanyika. Nilikimbia na fomu mkononi. Hata Mungu sikumwomba. Nilikuwa najumlisha kichwani, kilo nne za huyu, tano za yule, saba za mama wa Lwakhakha, najumlisha na kulia.

Ilisimama hatua kumi hivi kutoka kwenye ua.

Hakuna aliyeumia. Rubani, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, alifungua mlango, akawashusha wote, akatembea nao kwenye matope mpaka kwenye mizani yangu. Hakufoka. Laiti angefoka.

"Mzee, nipimie hawa watu tena," akasema. "Mbele yangu."

Niliwapima. Safari hii nilitaja kila namba kwa sauti, naye akaitazama kwenye mizani na kuilinganisha na niliyokuwa nimeandika. Hakuna aliyeona haya tena juu ya kilo zake. Waliona haya kwa ajili yangu, jambo ambalo ni baya zaidi. Mchungaji alinitazama kama mtu aliyemkuta mzee wa kanisa akitoka baa.

Walipokwisha, rubani akauliza juu ya mama aliyesimama kando akitupa mgongo. Nikamwambia ni mama mkwe wangu. Yeye hakuwa mtu wa upande wetu, alisubiri nieleze zaidi, kisha akajitolea asome yeye. Nilikuwa tayari kumshukuru. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akasema, bila kugeuka:

"Hapana. Yeye ndiye aliniandika. Yeye asome."

Akavua viatu. Akajifunika leso uso mzima, kisha akarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, akitafuta mizani kwa kisigino, mpaka akapanda. Nilisimama mkono mmoja kutoka kwake. Sikuwahi kuwa karibu naye namna hiyo. Nilisikia anavyopumua.

"Tisini na mbili," nikasema.

Rubani alitazama fomu, akanitazama mimi. Mama alikuwa bado amesimama juu ya mizani. Aliingiza mikono ndani ya nguo yake, akafungua, akatoa mfuko wa kitambaa uliojaa unga wa wimbi, akauweka chini. Akatoa wa pili, karanga. Wa tatu ulikuwa na nyama iliyokaushwa. Tulimwambia mzigo usizidi kilo kumi na tano, naye alitii, mzigo wake haukuzidi. Lakini mama hawezi kwenda kwa binti yake anayejifungua akiwa mikono mitupu, akakosa hata unga wa uji, na mwilini hakuna aliyemwekea kiwango. Hakutudanganya. Kama ningemtazama kama ninavyomtazama mtu mwingine yeyote, ningeona.

Hata bila mifuko ile, hata baada ya kushusha vitenge vya Lwakhakha na vitabu vya mwalimu, jumla ilikuwa bado kubwa mno kwa murram iliyolowa. Rubani akasema mtu mmoja lazima abaki. Hakusema nani, maana sharti la tiketi ya familia alilijua. Niliwatazama abiria. Kulikuwa na kijana aliyekuwa anaenda kutembea tu, alinieleza mwenyewe asubuhi. Kulikuwa na chifu mstaafu aliyekuwa anafuata harusi ya Jumamosi. Wote walitazama viatu vyao. Nilijawa na hasira, na hapo hapo nikajua sina haki nayo, kwa sababu ni mimi niliyewapandisha watu hao wote kwenye ndege iliyoshindwa kuinuka.

Mama mkwe alishuka kwenye mizani, akavaa viatu, akakusanya mifuko yake. Ndege iliruka. Ilifika pipani ikiwa juu.

Shemeji alimpeleka kwenye basi la jioni hiyo, naye akasafiri nalo na ile miguu yake. Alifika Nairobi alfajiri. Hospitali ilikuwa na saa zake za kutembelea wagonjwa na mlinzi hakutaka kusikia habari za Kamukuywa, akamkalisha kwenye sakafu ya varanda mpaka saa sita mchana. Mke wangu aliingizwa chumba cha upasuaji saa mbili. Mtoto, mvulana, aliishi kwa muda wa saa tatu tu. Mke wangu aliamka akamkuta muuguzi akibadilisha shuka. Mama mkwe alipoingia saa sita na unga wake wa wimbi, hapakuwa tena na sababu ya uji ule, lakini aliupika baadaye nyumbani kwa ndugu, na mke wangu akaunywa.

Mtoto hakufa kwa sababu ya kilo zangu. Madaktari walisema hivyo na ninaamini. Ila mke wangu aliamka peke yake mara ya tatu, na hilo ni langu. Aliporudi Kitale aliniuliza swali moja tu, tukiwa tumekaa jikoni.

"Mama ulimwandika ngapi?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa polepole, akaendelea kuchambua maharagwe. Hajaniuliza tena mpaka leo.

Kampuni ingenifukuza na sijui kwa nini hawakunifukuza. Nadhani rubani alininyamazia. Mimi mwenyewe niligeuza uso wa mizani utazame watu wote, na tangu siku ile nilisoma kila namba kwa sauti, ya askofu na ya mfanyakazi wa shambani. Walininung'unikia. Wengine waliniita mkatili. Mama mmoja mnene alinitukana kwa lugha yake mbele ya wanawe, nami nikamsomea kilo zake mara ya pili kwa sababu rubani alikuwa hajasikia. Dada wa tiketi hakutaja tena kilo za heshima.

Kwa mama mkwe nilipeleka mbuzi, kama ipasavyo mtu akivunja mwiko wa namna ile. Alimrudisha. Alimwambia shemeji kwamba mwiko aliuvunja yeye, kwa kupanda mizani, na hana haja ya mbuzi wa mtu. Tulirudi kwenye migongo yetu na mashamba ya mahindi. Mungu alitujalia binti miaka miwili baadaye, akazaliwa hapa hapa Kitale, bibi yake akiwa ameketi nje ya mlango tangu alfajiri.

Mwaka wangu wa mwisho kiwanjani ndio mwaka ambao mama mkwe alianza kuugua tumbo. Bungoma walimpa barua ya kumpeleka Nairobi. Mke wangu alimleta asubuhi moja ya kiangazi, kiwanja kikavu, ndege ile ya injini moja ikisubiri ikiwa na viti vitatu vitupu. Nilimwona akitoka kwenye gari na sikumtambua mwendo. Mke wangu alimshika upande mmoja, nami nikageuka nitazame ukutani kama ninavyopaswa, nikamwambia mke wangu kwamba leo hakuna haja ya mizani, uzito uko chini sana, nitaandika tu.

Mama alisikia. Alivua viatu mwenyewe. Alijifunika uso, akarudi kinyumenyume, akipapasa kwa kisigino kama siku ile, mke wangu akamwachilia, akapanda. Hakuwa amefunga chochote mwilini. Leso ya kiunoni ilimzunguka mara mbili.

Nilitazama mizani. Benchi zima lilisubiri nisome, maana walinizoea.

"Arobaini na nne," nikasema.

"Basi," akasema mama mkwe, akiwa amenipa mgongo. "Leo nitatosha, mkwe."

Niliandika arobaini na nne. Nilimpa rubani fomu, nikasimama kando ya mizani mpaka ndege ikapita pipa, juu, nyepesi, na nilibaki nimeshika viatu vyake ambavyo alikuwa amevisahau chini.